Risasi za Ackley na faida zake kwa wanaojaza maganda wenyewe

Risasi iliyoboreshwa ni risasi ya kawaida ya kiwandani ambayo ganda lake limetanuliwa kwa kufyatuliwa ndani ya chemba iliyochongwa kwa upana zaidi. Mwili wa ganda, ambao kiwandani huwa mwembamba kadiri unavyokwenda mbele, hunyooka. Bega lililokuwa na mteremko husimama zaidi, kwa kawaida hadi pembe ya nyuzi 40. Kitako hakiguswi, kipenyo cha shingo hakibadiliki, na umbali kutoka kitakoni hadi pale bega linapokutana na shingo hubaki karibu uleule. Kwa sababu hiyo bunduki iliyochongwa chemba ya namna hii bado hukubali risasi ya dukani, na risasi hiyo ikishafyatuliwa, ganda linalotoka si lile lililoingia.

Ufundi huu ni wa Marekani, na chanzo chake ni watu wanaojaza risasi zao wenyewe. Huko mtu hahitaji leseni ya serikali kuu ili ajaze risasi za matumizi yake binafsi, na wawindaji na wapiga shabaha wengi huwa na mashine ya kujazia karakanani au kwenye chumba cha nyuma ya nyumba. Katika Afrika Mashariki, ambako silaha na risasi husimamiwa kwa leseni na mwenye bunduki hununua risasi kwa muuzaji aliyeidhinishwa, kazi hii haijulikani sana. Ili faida za ganda lililoboreshwa zieleweke, yafaa kwanza kuona kinachotokea ndani ya bunduki.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa kilichobanwa shingoni, ambacho ndicho kinachoruka. Baruti na fataki huteketea na kichwa huenda zake, lakini ganda hubaki. Ganda ndilo sehemu ya gharama kubwa, na ndilo linaloweza kutumika tena. Mjazaji hulisafisha, hulibana ndani ya kalibu ya chuma ili lirudi kipimo chake, huweka fataki mpya, hupima baruti kwa mizani na kusukuma kichwa kipya shingoni. Ganda zuri huvumilia mizunguko kadhaa kabla ya kutupwa.

Kinachoua ganda ni kunyooshwa. Bunduki inapofyatuliwa, gesi husukuma kuta za ganda pande zote hadi zikagandamana na chuma cha chemba, na wakati huohuo hukisukuma kitako nyuma kuelekea bolti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma. Sehemu ya mbele imeshika, ya nyuma inavutwa, na shaba iliyo kati yake, juu kidogo ya kitako, hupungua unene. Kwa ganda lenye mwili uliosinyaa na bega la kulala, shaba hutiririka pia kwenda mbele, hasa pale ganda linaporudishwa kwenye kalibu. Shingo hurefuka, na baada ya mizunguko michache mjazaji hulazimika kuikata. Asipoikata, mdomo wa ganda hubanwa mwishoni mwa chemba, kichwa hukosa nafasi ya kutoka, na mgandamizo hupanda kwa hatari. Kila milimita inayokatwa mbele ni shaba iliyotoka nyuma. Siku moja mstari mng'avu hutokea kuzunguka ganda karibu na kitako, dalili kwamba ganda limebaki jembamba na linakaribia kukatika vipande viwili.

Hapo ndipo ganda lililonyooka linapoonyesha thamani yake. Bega la nyuzi 40 huzuia shaba kutiririka kwenda shingoni, na mwili usio na msinyao mkubwa husumbuliwa kidogo unaporudishwa kwenye kipimo. Wajazaji waliotumia maganda haya kwa muda mrefu wanakubaliana kwa jambo hili kuliko jingine lolote: maganda hayarefuki haraka, hayakatwi mara kwa mara, na hudumu. Faida hii haipewi nafasi kubwa kwenye matangazo kwa kuwa haina mvuto wa namba, lakini kwa mtu anayefyatua mamia ya risasi kwa mwaka ndiyo faida ya kweli kuliko zote.

Jina linalohusishwa zaidi na kazi hii ni la Parker Otto Ackley, fundi bunduki na mtengeneza mitutu aliyezaliwa mwaka 1903 katika jimbo la New York. Mwaka 1936 alihamia Roseburg, Oregon, akafungua karakana. Baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi na kufundisha ufundi wa bunduki katika mji wa Trinidad, Colorado, kisha akahamia Salt Lake City, Utah. Alifariki mwaka 1989. Kitabu chake kikubwa kwa wapiga risasi na wajazaji, kilichotoka mwaka 1962, kilikusanya vipimo na majaribio ya risasi nyingi za ubunifu wake na wa wengine. Ackley hakuwa wa kwanza kunyoosha ganda. Lysle Kilbourn alikuwa ameshafanya hivyo mwaka 1940 kwa .22 Hornet, risasi ndogo yenye ganda jembamba lililosinyaa sana, na matokeo yake, K-Hornet, yanatumika hadi leo. Alichofanya Ackley ni kuugeuza ujanja huu kuwa utaratibu: njia moja ya kupima, na ganda la asili ambalo halipotezi uwezo wa kutumika.

Jambo la mwisho ndilo linaloitenga risasi iliyoboreshwa na jamii kubwa ya risasi za ubunifu wa watu binafsi, zile ambazo Wamarekani huziita paka-mwitu kwa kuwa hazina kiwanda kinachozimiliki. Wengi wa wabunifu hao hubana shingo ya ganda ili ishike kichwa chembamba zaidi, au huiachia ishike kinene. Ganda la .30-06 la mwaka 1906 lilizaa kwa njia hiyo .25-06 na .35 Whelen, ambazo viwanda vilizichukua miongo mingi baadaye. Wengine, kama Rocky Gibbs, walilisogeza bega zima mbele ili kupata nafasi kubwa iwezekanavyo ya baruti. Bega likishasogezwa, risasi ya dukani haina mahali pa kuegemea ndani ya chemba mpya. Mwindaji aliyesahau risasi zake nyumbani, au ambaye mzigo wake umepotea njiani, hawezi kuingia duka la kijijini akanunua pakiti na kuendelea na safari. Mwenye bunduki ya Ackley anaweza. Risasi ya dukani itapoteza kasi kidogo kwa kuwa sehemu ya nguvu yake hutumika kutanua ganda, lakini itakwenda inakotakiwa, na ganda litakalotoka litakuwa tayari kwa kujazwa.

Uwezo huo unategemea kipimo kidogo sana. Risasi isiyo na ukingo kitakoni huzuiwa isizame ndani ya chemba na bega lake. Katika chemba ya Ackley bega la zamani haligusi kitu, kwa kuwa chuma kimechongwa mbali nalo. Sehemu pekee inayogusa ni duara jembamba pale bega linapoishia na shingo kuanzia. Ili duara hilo libanwe imara, fundi hufupisha chemba kwa inchi 0.004, yaani kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, kulinganisha na ile ya asili. Bolti inapofungwa juu ya risasi ya dukani huonekana kukaza kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa utaratibu wa Ackley, kipimo cha chuma ambacho fundi hukitumia kuthibitisha kwamba chemba ya kawaida inafunga huwa, kwa chemba iliyoboreshwa, kipimo ambacho haitakiwi kufunga.

Mafundi wabovu wameharibu sifa ya risasi hizi hapohapo. Huwezi kuchukua bunduki ya kawaida, ukaingiza kikatio cha chemba, ukapanua na kuiita kazi imekwisha. Lazima mtutu ufunguliwe, ukatwe nyuma kiasi, urudishwe ndani zaidi, kisha chemba ichongwe upya. Ukiachwa pale pale ulipo, risasi ya dukani huelea bila kuegemea chochote. Kitako huvutwa nyuma kwa nguvu, na ganda linaweza kukatika mara ya kwanza tu, likamwaga gesi yenye mgandamizo wa makumi ya maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba kuelekea uso wa mpigaji. Kwa maganda yenye ukingo, kama .30-30 na .22 Hornet, au yenye mkanda kitakoni, kama .375 H&H, tatizo hili ni dogo kwa kuwa ukingo au mkanda ndio unaoshika. Ndiyo maana K-Hornet imekuwa risasi ya kuanzia kwa mafundi wengi.

Swali linaloulizwa zaidi ni la kasi, na hapo ndipo penye kutiwa chumvi. Ganda lililonyooka hupokea baruti zaidi. Mwili wa .30-06 una kipenyo cha inchi 0.471 karibu na kitako na 0.441 begani. Ukiboreshwa, begani hufika 0.454. Ongezeko hilo, pamoja na bega lililosimama, hukuza ujazo kwa asilimia chache. Lakini kasi haifuati ujazo hatua kwa hatua. Kanuni ambayo wajazaji wameithibitisha kwa miaka mingi ni kwamba, mgandamizo ukibaki uleule, kasi huongezeka kwa karibu robo ya asilimia ya ongezeko la ujazo. Ganda likipata nafasi zaidi kwa asilimia 6, kichwa kilichokuwa kikienda mita 850 kwa sekunde kitaenda takriban mita 863. Hakuna paa wala nguruwe-mwitu atakayehisi tofauti hiyo, na shabaha ya mita 300 haibadiliki kwa kiasi cha kutajika.

Namba kubwa zinazotajwa kwenye vitabu vya zamani zilitoka wapi, basi? Sehemu kubwa ilitokana na mgandamizo. Mafundi wa enzi ya Ackley hawakuwa na vifaa vya kupimia mgandamizo karakanani. Waliangalia dalili: fataki iliyobonyea, bolti iliyokaza, kitako kilichopanuka. Na ganda lililonyooka huficha dalili hizo. Kuta zake hushika chemba kwa nguvu, kwa hiyo msukumo unaofika kwenye bolti hupungua, na mjazaji huona kila kitu ni shwari wakati mgandamizo umekwisha kupita kikomo. Ackley aliionyesha nguvu ya mshiko huo kwa jaribio linalosimuliwa hadi leo. Alichukua bunduki ya Winchester 94 ya .30-30 iliyoboreshwa, akaondoa kipande kinachofunga bolti, akaifyatua, na ganda likabaki limeng'ang'ania chemba. Jaribio lilithibitisha kwamba kuta za ganda hubeba sehemu ya mzigo, lakini halikuthibitisha zaidi ya hapo. .30-30 ni risasi ya mgandamizo mdogo, ambao kiwango chake cha juu ni pauni 42,000 kwa inchi ya mraba. Tone la mafuta ndani ya chemba linatosha kuuondoa mshiko wote. Mtu anayejenga usalama wake juu ya mshiko wa shaba badala ya kufuli la bolti anaichezea roho yake.

Sababu nyingine ya namba hizo ni ya haki zaidi. Baadhi ya risasi za asili zilijazwa kwa upole na viwanda kwa ajili ya bunduki zisizohimili mgandamizo mkubwa. .257 Roberts, ambayo Remington iliitoa mwaka 1934 kutokana na ganda la Mauser la 7x57, ilibaki na kikomo cha pauni 54,000 kwa kuwa Mauser dhaifu za karne ya kumi na tisa zilikuwa bado mikononi mwa watu. .280 Remington ya mwaka 1957 ilipewa kikomo cha pauni 60,000 ili ifae bunduki ya kujifyatulia ya kampuni hiyohiyo. Ganda lililoboreshwa haliingii katika bunduki ya zamani ambayo haijachongwa upya, kwa hiyo mjazaji anaweza kuitumia nguvu ambayo bunduki ya kisasa inaihimili bila kumhatarisha mtu mwingine. Ongezeko la kasi linaloonekana hapo ni halisi, ila chanzo chake si pembe ya bega peke yake.

Kutokana na hayo, namna ya kuchagua inajulikana. Zinazofaidika ni risasi za zamani zenye msinyao mkubwa, bega la kulala na mgandamizo mdogo wa kiwandani: .22 Hornet, .250-3000 Savage aliyoibuni Charles Newton na kutolewa mwaka 1915, .257 Roberts, 7x57 yenyewe, .30-30. Zinazofaidika kidogo ni zile ambazo tayari zimejaa baruti kuliko mtutu wao unavyoweza kuitumia, mfano .25-06. Humo baruti ya ziada huishia kuwa moto unaokula chuma mbele ya chemba, na mtutu huchakaa mapema kwa faida ya mita chache kwa sekunde. Ackley mwenyewe alisisitiza sana jambo hili la ganda kuzidi mtutu wake, ingawa baadhi ya wafuasi wake hawakulisikia.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mfano wenye mvuto ni .375 Holland & Holland, risasi ya Waingereza ya mwaka 1912 ambayo bado ni ya kawaida mikononi mwa wawindaji weledi wa Tanzania. Ganda lake ni refu lenye msinyao wa wazi. Likiboreshwa hupokea baruti nyingi zaidi, na Roy Weatherby alijenga juu ya ganda la jamii hiyohiyo risasi zake maarufu, ikiwemo .300 ya mwaka 1944. Lakini msinyao wa .375 una kazi. Ganda lililosinyaa huteleza kutoka magazini hadi chemba bila kukwama, na baada ya kufyatuliwa hutoka kirahisi hata kama bunduki imeanikwa juani na risasi zimepata joto. Joto hupandisha mgandamizo wa baruti nyingi. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, ganda linalotoka kwa urahisi lina thamani kuliko mita 30 za kasi, na ni vigumu kumshauri mtu wa kazi hiyo aiguse .375 yake.

Gharama nazo hazifichiki. Kuna malipo ya fundi kwa kukata mtutu na kuchonga chemba. Kuna kalibu maalumu za kubania ganda, kwa kuwa za risasi ya asili hazifai tena. Kuna kutanua maganda: kila ganda lazima lifyatuliwe mara moja kabla halijawa lenyewe, na kila mfyatuo hula baruti, kichwa na sehemu ya uhai wa mtutu. Mjazaji mwenye busara huzitumia risasi hizo za kwanza kwa mazoezi, kwa kuwa mara nyingi hulenga vizuri kuliko inavyotarajiwa, na hivyo hapotezi kitu. Magazini za bunduki nyingine hukwama kwa maganda yaliyonyooka, hasa zile zenye chemchemi nyepesi. Katika nchi kama Uingereza, mtutu uliochongwa chemba mpya lazima upelekwe kwenye nyumba ya uthibitisho na kujaribiwa kwa risasi nzito kabla haujauzwa. Na risasi ambayo vipimo vyake vya mgandamizo havijachapishwa na maabara humlazimu mjazaji aanze chini, kwenye vipimo vya risasi ya asili, apande kidogo kidogo huku akipima kasi kwa kifaa. Kasi ikizidi ile inayotarajiwa kwa ujazo wake, basi mgandamizo pia umezidi, hata kama ganda halionyeshi dalili yoyote.

Risasi moja ya Ackley imevuka vikwazo vingi kati ya hivyo. Kampuni ya Nosler iliwasilisha .280 Ackley Improved kwa SAAMI, taasisi ya viwanda vya Marekani inayoweka viwango vya risasi, na mwaka 2008 ikakubaliwa rasmi kwa kikomo cha pauni 65,000. Tangu hapo bunduki, risasi na maganda mapya yenye umbo kamili huuzwa dukani, na mtu anaweza kuimiliki bila kutanua hata ganda moja. Waliochongesha chemba za .280 kabla ya kiwango hicho wana sababu ya kumwita fundi apime kwanza kabla ya kutumia risasi za kiwandani, kwa sababu si karakana zote zilifuata vipimo vilevile.

Viwanda navyo vimejifunza. 6mm PPC ya wapiga shabaha Lou Palmisano na Ferris Pindell, iliyobuniwa katika miaka ya 1970, na 6.5 Creedmoor ya Hornady ya mwaka 2007 zote zina mwili ulionyooka na bega la nyuzi 30, na .300 WSM ya Winchester ina nyuzi 35. Ganda la namna hiyo halimwachii fundi mengi ya kuboresha. Kazi ya kikatio cha Ackley imebaki kwenye bunduki zilizorithiwa na risasi zilizobuniwa kabla ya vita, ambako Hornet ya babu au Savage ya mwaka 1915 bado inaweza kupewa ganda linalodumu bila kupoteza haki ya kula risasi ya dukani.